Tuhesabu Gharama Kabla ya Kuagiza Kalibu

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vinavyofuga kuku, Kakamega)

 

Leo tumekuja kuzungumza juu ya trei ya mayai. Labda mwingine atacheka aseme, "Kweli tumeitwa hapa kwa ajili ya trei?" Ndiyo, tumeitana kwa ajili ya trei, kwa sababu kuna pesa za vikundi ambazo ziko karibu kutoka mfukoni kwa ajili yake. Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: je, tuagize kiwandani viboksi vyetu wenyewe vya mayai, vyenye umbo letu na jina la kikundi likiwa limechomoza juu ya kifuniko? Wanasema hoteli na maduka makubwa ya mjini yanapenda mali iliyofungwa vizuri. Na hiyo ni kweli. Lakini bei yake ni ngapi, na nani atailipa?

Mnakumbuka katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anauliza habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla hajachimba msingi, mtu huyo hukaa chini akahesabu kama anazo pesa za kumaliza, asije akaishia njiani na watu wakamcheka. Basi sisi nasi tukae chini tuhesabu.

Kwa nini watu wanataka karatasi

Tuanze na jambo lililobadilisha soko letu. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia mizigo. Adhabu ni kali: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Halafu tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Hapa kwetu hiyo inagusa Msitu wa Kakamega.

Trei ngumu za plastiki, zile za kuosha na kurudia, hazikuguswa na marufuku hiyo. Hata hivyo, watu wengi walianza kutafuta vifungashio vya karatasi. Na kwa mayai, karatasi ilikuwa imetangulia zamani. Mwaka 1911 huko British Columbia, nchini Kanada, mhariri wa gazeti aitwaye Joseph Coyle alibuni sanduku la karatasi lenye vyumba vya mayai, kwa sababu mayai ya mkulima yalikuwa yakifika hotelini yamevunjika. Na kabla yake, mwaka 1903, Martin Keyes huko Maine, Marekani, alikuwa ameanza kiwanda cha kufinyanga sahani kwa rojo la mbao. Mawazo hayo mawili yalipokutana ndipo tukapata trei hii ya kijivu tunayoijua sote.

Trei inatengenezwaje?

Ni vizuri tujue kazi yenyewe, kwa maana ukijua kazi utajua mahali bei inapojificha.

Kwanza wanachukua karatasi kuukuu: magazeti, katoni, vitabu vya shule vilivyokwisha. Wanaziloweka ndani ya maji na kuzisaga mpaka ziwe rojo, kama uji mwepesi. Rojo hilo lina maji mengi sana; karatasi yenyewe ni kidogo tu ndani yake.

Pili, kalibu inatumbukizwa ndani ya rojo. Kalibu ni umbo la chuma au la plastiki ngumu lenye matundu madogo, na juu yake kuna wavu mwembamba. Mashine inavuta hewa kutoka nyuma ya kalibu. Maji yanapita kwenye wavu, nyuzi za karatasi zinabaki zimeng'ang'ania. Hapo trei imepata umbo.

Tatu, trei inatolewa ikiwa mbichi. Ikitoka hapo, karibu robo tatu ya uzito wake bado ni maji. Lazima ikaushwe, ama kwa jua, ama ndani ya tanuri lenye moto.

Mwisho zinapangwa, zinafungwa na kupakiwa kwenye lori. Trei moja kavu ya mayai 30 ina uzito wa gramu 70 hivi. Uzito huo ni mdogo sana, na karatasi kuukuu si mali ya ghali. Sasa kama karatasi ni kidogo na ni rahisi, mbona kiboksi chenye jina letu kinaitishwa pesa nyingi?

Bei iko kwenye kalibu

Fikirini fundi wa matofali. Anakwenda kwa seremala anatengenezewa kalibu ya mbao. Akifyatua matofali kumi tu, kila tofali limebeba sehemu ya kumi ya bei ya ile kalibu. Akifyatua elfu kumi, hata hatakumbuka kwamba alimlipa seremala. Kalibu ni ile ile, udongo ni ule ule, lakini gharama ya tofali moja imebadilika kabisa.

Ndivyo ilivyo na rojo la karatasi, isipokuwa kalibu yake si mbao nne na misumari. Inachongwa kwa mashine, inatobolewa matundu, na wavu unapachikwa ukafuate kila kona. Tena mara nyingi hazitoshi moja. Kuna kalibu ya kuvuta rojo, na nyingine ya kupokea trei mbichi na kuiondoa. Ukitaka kiboksi kiwe laini pande zote na herufi zisomeke vizuri, kuna kalibu nyingine za moto za kukikandamiza. Na kiwanda kikubwa mashine yake inazunguka ikiwa imebeba kalibu nyingi zinazofanana kwa wakati mmoja. Mkisema mnataka umbo lenu, inabidi zote hizo zitengenezwe kwa ajili yenu, au mashine ifanye kazi nusu nusu. Pia inasimamishwa ili kalibu za kawaida zitolewe na zenu zifungwe. Muda huo wa kusimama kuna mtu anaulipia, na mtu huyo ni ninyi.

Ndiyo sababu trei ya mayai 30, tano kwa sita, inafanana karibu kila mahali. Mayai yanayotoka Uganda kupitia Busia na Malaba yamo ndani ya trei hiyo hiyo. Gharama ya kalibu ya trei hiyo imegawanywa kwa mamilioni ya trei, haionekani tena. Lakini kalibu yenu mtaigawanya kwa mayai yenu peke yenu.

Sasa tupige hesabu

Mali bila daftari huisha bila habari. Shikeni kalamu. Bei tutakazotaja hapa ni za mfano tu, za kujifunzia. Kila kikundi kiweke bei halisi ambazo kitaandikiwa na kiwanda. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuseme kikundi kina wanachama 20. Kila mmoja analeta trei moja kwa wiki. Hayo ni mayai 600 kwa wiki. Yai moja mnauza shilingi 15.

Njia ya kawaida: mnanunua trei mpya 20 kila wiki, tuseme shilingi 15 kila moja. Hiyo ni shilingi 300 kwa wiki, au 15,600 kwa mwaka. Gawanyeni kwa mayai: kila yai limebeba senti 50 za trei.

Njia ya kiboksi chenye jina lenu: tuseme kiwanda kinasema kalibu ni shilingi 180,000. Kila kiboksi cha mayai sita ni shilingi 8. Na hawakubali kuwasha mashine kwa chini ya viboksi 10,000. Basi kabla hamjauza hata yai moja ndani ya kiboksi, mnatoa 180,000 na 80,000. Jumla ni 260,000. Kila mwanachama ni shilingi 13,000. Hebu kila mmoja ajiulize, hizo 13,000 kwangu ni nini? Kwa wengi wetu ni karo ya mtoto, au ni mbolea na mbegu za msimu mzima.

Mayai 600 kwa wiki ni viboksi 100. Kwa mwaka ni viboksi 5,200. Ukigawanya bei ya kalibu kwa viboksi vya mwaka wa kwanza, unapata karibu shilingi 35 kwa kila kiboksi. Ongeza zile 8, inakuwa 43. Yaani mayai sita yanayouzwa shilingi 90 yamekaa ndani ya nyumba ya shilingi 43. Ni karibu nusu!

Mtu atasimama aseme, "Lakini kwenye kiboksi kizuri yai litauzwa shilingi 20." Vizuri, tuhesabu hilo pia, tusionee kiboksi. Nyongeza ya shilingi 5 kwa yai ni shilingi 30 kwa kiboksi. Tena mmeokoa shilingi 3 ambazo mngetumia kwenye trei. Basi kila kiboksi kinawaletea 33. Pesa zilizotoka ni 260,000. Gawanyeni kwa 33: ni lazima muuze viboksi karibu 7,900 ndipo pesa zenu zirudi. Kwa viboksi 100 kila wiki, hiyo ni wiki 79. Ni mwaka mmoja na nusu, na kila yai liwe limenunuliwa kwa ile bei ya juu, bila wiki moja kukosa, bila kuku kuugua, bila mwenye hoteli kubadilisha nia.

Na kama soko la bei ya juu litachukua nusu tu ya mayai yenu? Basi ni wiki 158. Hiyo ni miaka mitatu. Wakati huo viboksi vimejaa stoo, panya wanavitafuna na unyevu wa kwetu unavilainisha. Na pesa zile mngeweza kuwa mnakopeshana kwenye chama na kupata faida.

Wapendwa, hatusemi kiboksi ni kibaya. Tunasema kwamba mwenye mayai 600 kwa wiki amejitwisha kalibu ya mtu mwenye mayai 6,000.

Tazameni sasa vikundi kumi vikiungana. Viboksi vya mwaka ni 52,000. Kalibu ile ile ya 180,000, kila kiboksi kinabeba shilingi 3 na senti 50 hivi. Ongeza 8, inakuwa shilingi 11 na senti 50. Kutoka 43 hadi 11 na nusu, na kiwanda hakijapunguza hata shilingi moja! Kilichopunguza bei ni umoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Njia ya katikati

Kati ya trei tupu na kalibu yenu wenyewe kuna njia nyingine ambayo watu wanairuka kwa haraka ya kutaka jina lao lichomoze.

Waulizeni wauzaji kama wana viboksi vya kawaida vya mayai sita, au vya kumi na mawili, ambavyo kalibu yake tayari ipo. Halafu ninyi mbandike karatasi yenye jina la kikundi, mahali mnapotoka na tarehe ya mayai. Tuseme kiboksi hicho ni shilingi 10 na karatasi ya kubandika ni shilingi 2. Jumla 12. Katika zile 33 tulizotaja, mnabaki na 21 kwa kila kiboksi, tangu siku ya kwanza. Tena hamhitaji kuanza na viboksi 10,000. Mnaanza na 500, kwa shilingi 6,000, mnapeleka kwenye duka moja na hoteli moja, mnaona kama wanunuzi wanarudi. Wasiporudi, mmepoteza kidogo na mmejifunza mengi. Wakirudi, sasa mnao ushahidi mkononi, na siku mtakapokwenda kiwandani kuzungumza habari ya kalibu mtazungumza kama watu wenye soko.

Na msisahau kwamba mnunuzi anatazama yai kabla ya kutazama kiboksi. Mayai ya kienyeji hayalingani ukubwa. Yale madogo yanacheza ndani ya shimo, yanagongana na kupasuka. Yapangeni kwa ukubwa. Yai likae ncha nyembamba ikiwa chini. Mkizipanga trei zilizojaa, moja juu ya nyingine, zigeuzeni moja hivi na nyingine vile, zishikane na kubeba uzito bila kuyaminya mayai. Na kwenye boda boda tumieni kreti ngumu, trei zisiachwe zikafungwa kwa mpira peke yake. Yai moja likipasuka kwenye kila trei, mmepoteza shilingi 15, ambayo katika mfano wetu ni bei ya trei nzima mpya. Wakati mwingine gharama kubwa ya kufungasha ni ile ya kufungasha vibaya.

Je, tukitengeneza wenyewe?

Vijana wametuuliza hili, na ni swali la watu wenye akili. Karatasi kuukuu zipo: mashuleni, maofisini, chuo kikuu cha Masinde Muliro hapo mjini. Mafundi wa jua kali wanajua kuchomelea chuma. Kwa nini trei zisafiri zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, na lori limejaza hewa tu? Maana hata trei zilizopangwa vizuri ni mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa, na mwenye lori anadai pesa ya nafasi.

Tuwajibu kwa ukweli. Kusaga karatasi si kazi ngumu, na kuvuta rojo kwenye kalibu ndogo kunaweza kujifunzwa. Ugumu uko kwenye kukausha. Kila trei ya gramu 70 inaingia kwenye kikaushio ikiwa na gramu 200 hivi za maji. Trei elfu moja ni lita 200 za maji ya kuondoa. Na sisi tunakaa Kakamega! Eneo la msitu wetu linapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na alasiri nyingi mawingu yanajikusanya. Mwenye kutegemea jua ataanika asubuhi na kuanua saa nane, trei zikiwa bado mbichi, na zile zilizobaki na unyevu zinaota ukungu au zinalegea zikibeba mayai. Mwenye kutumia moto atahitaji kuni kila siku, na kuni hizo zitatoka wapi? Hatuwezi kuokoa mazingira kwa karatasi huku tukikata miti ya msitu kuikausha.

Tuna mfano karibu nasi. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills pale Webuye kilianza kazi miaka ya 1970 na kulisha jamii nyingi. Mwaka 2009 kilisimama, kikiwa kimelemewa na madeni. Miti ilikuwa karibu, maji ya Nzoia yalikuwa karibu, na watu wa kufanya kazi walikuwepo. Karatasi ni biashara inayokula maji, moto na umeme kila siku, iwe soko ni zuri au baya.

Wengine wanataja makapi ya miwa, kwa kuwa sisi ni watu wa miwa, kuanzia Mumias hadi Kabras. Ni kweli, makapi ya miwa yanaweza kufinyangwa kuwa sahani na trei, na yanafanywa hivyo katika nchi nyingine. Lakini kwanza lazima yapikwe kwa dawa ili nyuzi ziachane. Maji machafu ya dawa hiyo si ya kumwagwa mtoni. Karatasi kuukuu ni rahisi kwa sababu nyuzi zake zilikwisha kupikwa zamani. Viwanda vya sukari vyenyewe huchoma makapi hayo kupata mvuke na nguvu ya kuendesha mitambo, kwa hiyo si takataka isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo vijana, jambo linalofaa kuanza nalo ni kukusanya karatasi kuukuu, kuzichagua safi na kavu, na kuziuza kwa uzito kwa wanaozitumia. Mtaji ni mdogo, na mtaijua biashara hii kutoka mlango wa nyuma kabla ya kununua mashine.

Trei kuukuu na kideri

Kuna gharama moja haimo kwenye karatasi ya bei ya kiwanda chochote. Ni ugonjwa.

Ili kuokoa ile shilingi 15, mtu anarudi na trei kuukuu kutoka sokoni. Trei hiyo imepita kwenye nyumba za kuku ambazo hazijui. Ina kinyesi kikavu na manyoya kidogo kwenye kona. Trei ya karatasi haioshwi. Ukiiosha inarudi kuwa rojo. Kideri kinaweza kusafiri juu ya vyombo vichafu, zikiwemo trei. Kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa, kinaweza kumaliza boma zima kwa siku chache. Basi shilingi 15 iliyookolewa imegharimu kuku wote wa jirani watatu.

Kwa hiyo kikundi kikubaliane: trei ya karatasi iliyotoka sokoni isiingie tena bomani. Kama mnataka trei ya kurudia, nunueni ngumu za plastiki, zioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, zianikwe zikauke kila safari. Bei yake iko juu mwanzoni, lakini igawanyeni kwa idadi ya safari, kama tulivyogawanya kalibu. Na chanjo ya kideri isikosekane. Muulizeni afisa wa mifugo wa wadi yenu ratiba yake.

Maswali ya kupeleka kiwandani

Siku ikifika ya kutaka kalibu yenu, msiende mkono mtupu na tabasamu. Nendeni wawili au watatu, mmoja awe mweka hazina, na muulize haya. Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi:

1. Kalibu ni ya nani tukishailipia? Tukiondoka, tunaweza kuichukua kwenda kiwanda kingine?

2. Bei hiyo ni ya kalibu ngapi, na ni pamoja na wavu wake? Wavu ukichakaa nani anaubadilisha?

3. Ni viboksi vingapi vya chini kabisa kwa agizo moja? Agizo la pili likiwa dogo, bei itapanda?

4. Bei ni pamoja na kodi na usafiri mpaka Kakamega? Vikifika vimelowa au vimebonyea, hasara ni ya nani?

5. Je, tutapata sampuli tujaribu kwa mayai yetu wenyewe, tuyabebe kwenye barabara zetu, kabla ya kulipa pesa zote?

6. Kuna umbo lenye kalibu tayari ambalo linakaribia hili tunalotaka?

Swali la sita ndilo linaloweza kuwaokolea pesa nyingi kuliko yote. Mwuzaji huenda asilitaje mpaka aulizwe.

Neno la mwisho

Wapendwa, jina la kikundi ni kitu cha heshima, na si dhambi kutaka lionekane. Lakini pesa za kikundi ni za mjane aliyeleta shilingi hamsini kila wiki bila kukosa, na za kijana aliyeuza jogoo wake ili aingie. Kabla hatujazigeuza kuwa chuma chenye matundu kilichokaa kiwandani mbali, tuwe tumehesabu.

Basi fuateni utaratibu huu. Yai liwe safi na zima kwanza. Kisha soko lipatikane na lirudi. Kisha vikundi viungane, hata viandikishe ushirika. Mkifika hapo, ndipo kalibu iagizwe, na bei yake mtaibeba pamoja bila kulemewa. Mungu awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu.

Ya kujadili katika kikundi

Kikundi chetu kinauza mayai mangapi kwa wiki, kwa daftari na si kwa kukisia? Trei inatugharimu senti ngapi kwa kila yai? Mwezi uliopita mayai mangapi yalipasuka njiani? Ni vikundi gani jirani tunavyoweza kununua trei pamoja navyo msimu huu? Na trei zinazorudi kutoka sokoni, zinaishia wapi?